Viwavi wamekufa, vidukari wamezidi: dawa moja, shamba moja, mbona hivi?

Mama wa Emuhaya aliandika, Jumanne usiku:

Hamjambo wote. Nina robo ekari ya sukuma wiki hapa Emuhaya, na wateja wangu wakubwa ni kina mama wa soko la Luanda wanaofika shambani alfajiri kununua mafungu. Mwezi jana majani yalianza kutobolewa. Ukigeuza jani unakuta viwavi wadogo wa kijani, na ukiwagusa wanajipindapinda, wanajirusha na kuning'inia kwa uzi. Nilienda agroveti, kijana akaniuzia dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Akasema imetokana na bakteria, haimdhuru mlaji, na itamaliza wadudu wote. Nilipiga pampu mbili, nikarudia baada ya wiki.

Viwavi kweli walikufa. Kufikia siku ya tatu walikuwa wamelegea na kuwa weusi juu ya majani. Lakini vidukari, wale wa kijivu kama waliomwagiwa unga, wameshika kila chipukizi. Majani machanga yanajikunja, mengine yananata mkononi, na sisimizi wanapanda na kushuka mashinani mchana kutwa. Jumamosi mama mmoja alinirudishia mafungu kumi na mawili. Anasema wateja wake wanauliza kwa nini mboga ina majivu.

Nilirudi pale dukani, nikaambiwa niongeze kipimo. Nimeongeza, hakuna kilichobadilika ila pesa zimekwisha. Dawa ni ile ile, maji ni yale yale ya kisima, mkono ni huu huu wangu. Kwa nini imuue huyu na kumwacha yule? Kabla sijanunua nyingine nataka kuelewa.

---

Jembe Kali, Bungoma:

Pole dada. Achana na hizo za bakteria, ni za kubembeleza. Mimi kwenye nyanya huchanganya mbili kali kwenye pampu moja, asubuhi ukirudi hakuna kinachotambaa. Mdudu ni mdudu.

---

Fundi wa Maabara, Kakamega:

Mama wa Emuhaya, usiongeze kipimo tena. Dawa yako si mbovu, na hukukosea kuipiga. Ila imewekwa mahali ambapo mdomo wa kidukari haufiki kamwe.

Nimekuwa mhudumu wa maabara ya shule miaka ishirini na mitatu, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuandaa wadudu wa somo la biolojia. Panzi, mende, nyuki, mbu, nzi, kipepeo, wote nimewafungua midomo kwa sindano na kibanio, kipande baada ya kipande, nikavipanga kwenye kioo wanafunzi wachore. Ndiyo maana mtu akiniuliza dawa, mimi humuuliza kwanza mdudu wake anakulaje.

Anza na panzi, maana ni mkubwa na utamwona vizuri hata bila kioo cha kukuza. Mshike kwa vidole viwili, mgeuze akutazame. Mbele ya kinywa kuna kipande bapa kama pazia, huo ni mdomo wa juu. Uinue kwa ncha ya mwiba. Nyuma yake kuna mataya mawili meusi, magumu kama kucha, yenye meno pembeni. Hayafungi kwa kupanda na kushuka kama yetu, yanakutana kutoka kushoto na kulia, kama milango miwili ya duka. Nyuma ya hayo kuna jozi nyingine ya mataya madogo, halafu mdomo wa chini, na pande zote vinaning'inia vijiti vidogo vyenye viungo. Vijiti hivyo havikai bure. Panzi huvigongagonga kwenye jani kabla hajauma, anaonja. Ukimwekea jani asilolipenda, utamwona anagonga, anasita, anaondoka bila kung'ata.

Kiwavi wako ana mataya ya namna hiyo hiyo. Anakata jani na kulimeza pamoja na chochote kilicholala juu yake, na dawa ya bakteria inahitaji kumezwa ndipo ifanye kazi. Ndani ya utumbo wa kiwavi ile sumu yake inayeyuka na kutoboa ukuta wa utumbo. Anaacha kula muda mfupi tu baadaye, lakini kufa kunachukua siku mbili tatu. Kwa hiyo wale waliolegea uliowakuta siku ya tatu walikuwa wameshaacha kula zamani.

Sasa chukua jani lenye vidukari na kioo cha kukuza. Mgeuze kidukari mmoja chali kwa ncha ya jani la nyasi. Chini ya kichwa, kati ya miguu, utaona mdomo mwembamba uliolazwa kuelekea nyuma. Ndani ya ala hiyo kuna nyuzi nne nyembamba kuliko unywele. Hizo nne ndizo yale mataya ya panzi, jozi zote mbili, yaliyonyooshwa yakawa sindano. Mbili za ndani zimeshikana zikafanya mifereji miwili, mmoja wa kuteremsha mate na mmoja wa kupandisha chakula. Anazipenyeza polepole kati ya chembe za jani mpaka afike kwenye mshipa unaobeba maji ya sukari. Hata kunyonya kwa nguvu hahitaji, kwa sababu maji ya mshipa huo yana msukumo wake yenyewe. Wataalamu wamewahi kumkata kidukari sindano zake akiwa anakunywa, na utomvu ukaendelea kutoka kwenye kile kisiki.

Umewaona wazee wakinywa busaa? Chungu kiko katikati, kila mzee na oluseke lwake, ule mrija mrefu. Nyunyiza majivu nje ya chungu, hakuna mzee atakayeyaonja. Unga wako umebaki nje ya chungu. Kidukari amepitisha mrija, yuko ndani. Ukiongeza unga mara tatu, bado uko nje.

Na usimlaumu sana kwa kunata kwa majani. Utomvu una sukari nyingi na protini kidogo mno, kwa hiyo inabidi anywe kupita kiasi ili apate ile protini kidogo, na sukari inayozidi anaitoa nyuma kama tone. Hilo ndilo linalonata, na ndilo sisimizi wanalolifuata. Wanalichukua na kwa malipo wanawafukuza wadudu wanaokula vidukari. Ukiona ukungu mweusi juu ya majani, umeota juu ya sukari hiyo hiyo.

Swali jingine ambalo hukuuliza lakini nalipenda: alijuaje kwamba hii ni sukuma wiki? Mimea ya jamii ya kabeji ina uchungu wake, ule unaokupanda puani ukitafuna jani bichi. Mimea imejiwekea uchungu huo kama ulinzi, na wadudu wengi hukimbia. Kidukari huyu wa kijivu amegeuza ulinzi kuwa kibao cha njia. Anatua, anapapasa kwa vipapasio na ncha ya mdomo, anachoma kidogo kuonja, akikuta ule uchungu anatulia na kuanza kunywa. Akikosa, anaruka kwenda kwingine. Katika kuonja huko, jani hili na lile, ndimo anamobeba virusi vya mimea kwenye ncha ya sindano.

Cha kufanya. Kidukari hali sumu ya juu ya jani, basi mfuate kwa ngozi. Sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji. Ule unga wa kijivu mwilini mwake ni nta, maji matupu yanateleza juu yake, lakini sabuni inaipenya. Lazima imguse, kwa hiyo geuza ncha ya pampu ipige chini ya majani na ndani ya yale yaliyojikunja. Piga jioni jua likishapoa, na jaribu majani machache kwanza, usubiri siku mbili uone kama hayaungui. Sabuni ikikauka imekwisha nguvu, kwa hiyo utarudia baada ya siku chache. Vichipukizi vilivyojaa kabisa, chuma uvizamishe kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea na kupanda na utomvu, hizo humfikia mnywaji. Lakini wewe unachuma kila wiki. Ukitumia moja ya hizo, soma kwenye kibandiko siku za kungoja kabla ya kuvuna, na kama huwezi kungoja, usiipige.

Jembe Kali, ndugu yangu, naheshimu shamba lako ila hilo la mdudu ni mdudu siwezi kulipitisha. Mama, kabla hujapiga chochote, tafuta kati ya vidukari wako mmoja aliyevimba, rangi ya kahawia kama karatasi, asiyesogea. Ukiona ana tundu la duara mgongoni, nyigu mdogo sana, mdogo kuliko mbu, alitaga yai ndani yake, mtoto akamla kutoka ndani akatoka. Hawa wanakufanyia kazi bure. Hata viwavi wako wana nyigu wao. Mwaka 2002 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walianza kuachilia hapa Kenya nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan kwa ajili ya kiwavi huyu huyu wa kabeji. Ukichanganya mbili kali kwenye pampu moja, asubuhi hakuna kinachotambaa, ni kweli, na hakuna kinachoruka kukusaidia. Vidukari wakirudi, na watarudi haraka maana jike anazaa bila dume na anazaa watoto hai, watakuta uwanja hauna askari.

---

Nyar Dunga, Kisumu:

Mwalimu, mimi si mkulima, nauza samaki hapa Dunga, lakini umenigusa. Kuna wale sami wanaotoka ziwani kama nguzo za moshi. Wakiingia nyumbani wanajaa kwenye taa, kwenye unga, kwenye nywele za watoto. Wamefanana na mbu kabisa. Mjukuu wangu anaogopa kwamba watamletea malaria, akiwaona tu anajifunika shuka. Nimwambie nini?

---

Fundi wa Maabara, Kakamega:

Mama Dunga, mwambie alale kwa amani juu ya sami, ila chandarua asikitoe.

Wengi kati ya wale ni jamii mbili za wadudu wa ziwa, na wakubwa wao hawana kifaa cha kutoboa ngozi. Midomo yao imedhoofika, wanaishi siku chache, wanatafuta wenzao, wanataga, wanakufa. Kula kwao kulifanyika zamani, wakiwa majini. Watoto wa jamii moja hula mabaki kwenye tope. Wa jamii nyingine wamenishangaza kuliko mdudu yeyote niliyewahi kumweka chini ya hadubini: anang'aa kama kioo, unaona mpaka utumbo wake, na vile vipapasio ambavyo wadudu wengine huvitumia kunusa, yeye amevifanya mikono. Anatulia majini, kijidudu kikipita anakidaka kwa vipapasio na kukivuta kinywani.

Mbu ni habari nyingine. Ukitazama mbu jike, unachokiona kama sindano moja ni ala. Ndani yake kuna sindano sita. Mbili zina meno ya msumeno kwenye ncha, zinakata ngozi. Mbili husaidia kutoboa. Moja ina mfereji wa kuvuta damu, na moja inateremsha mate ya kuzuia damu isigande. Ala yenyewe haiingii mwilini, inakunjamana nyuma kama mkono wa shati unaopandishwa. Vimelea vya malaria vinaingia na yale mate kabla hata damu haijapanda.

Mwonyeshe mjukuu hivi. Mbu wa malaria akitua ukutani huinua makalio juu, kama aliyesimamia kichwa. Na ukimtazama kwa kioo cha kukuza, mbele ya uso wake utaona vijiti vitatu virefu sawasawa: sindano katikati na vijiti viwili vya kunusia pembeni. Mbu jike wa kawaida wa mitaroni ana sindano ndefu na vijiti vifupi kabisa. Kwa vijiti hivyo ndivyo mbu hunusa hewa unayoitoa ukipumua, kwa hiyo hata gizani anakujua ulipo. Ukikuta mwenye vipapasio vya manyoya kama unyoya wa kuku, huyo ni dume. Hanywi damu, anakunywa maji ya maua, na yale manyoya ni sikio la kusikiliza mabawa ya jike. Sami dume naye ana manyoya kama hayo, ndiyo sababu wanachanganywa.

---

Mfugaji wa Lambwe:

Naomba niongeze la kwetu. Huku karibu na hifadhi ya wanyama ya Ruma adui ni mbung'o, na hapo hakuna cha dume wala jike, wote wanakunywa damu, ya ng'ombe na ya mtu. Mitego tuliyoizoea ni ya kitambaa cha buluu na cheusi, na chini yake unaweka chupa ya mkojo wa ng'ombe. Baba yangu alikuwa akiuliza mkojo wa nini, mpaka alipoona mtego usio na chupa umekaa karibu mtupu na wa pili umejaa. Anakuja kwa pua, halafu macho yanamleta kwenye buluu.

---

Fundi wa Maabara, Kakamega:

Asante sana, umesema sawa. Na mdomo wa mbung'o nao una la kwake. Nilisema mbu hukunja mdomo wa chini nyuma. Mbung'o anauchoma huo huo, ncha yake ina meno ya kukereza nyama, ndiyo maana mbu anaweza kukunyonya usijue lakini mbung'o unashtuka. Akitulia, mdomo wake unanyooka mbele ya uso kama mkuki, na mabawa yamelala moja juu ya lingine kama makasi. Nzi wa nyumbani, aliye na undugu naye, hawezi kutoboa chochote: ana sifongo mwishoni mwa mdomo, anatema mate juu ya ugali wako, anayeyusha, anafyonza.

---

Mama wa Emuhaya, siku kumi na sita baadaye:

Mwalimu, nimerudi. Binti yangu wa kidato cha pili aliazima kioo cha kukuza shuleni, tukakaa kwenye mkeka na majani matatu. Tumeziona zile sindano. Kwanza tulimwona kidukari ameinama tu, binti akamsukuma na ncha ya nyasi, akawa hasogei, kama amefungwa kamba, mpaka akazichomoa. Na tumewapata wale waliovimba wa kahawia, kumi na mmoja kwenye jani moja, saba wana matundu. Jani hilo nililiacha lilivyo, sikulipiga sabuni.

Nimepiga jioni tatu. Vichipukizi vipya vinatoka vimenyooka. Bado kuna vidukari kwenye mistari ya mwisho karibu na ua, lakini jana nimeuza mafungu arobaini na hakuna lililorudi. Ile dawa ya bakteria nimeiweka, nitaitumia viwavi wakirudi, jioni.

Sasa nina jingine. Mahindi yangu kwenye gunia yameingiwa na fukusi. Binti anasema huyu naye ana mrija mrefu usoni, kwa hiyo ananyonya. Je, ni kama kidukari?

---

Fundi wa Maabara, Kakamega:

Mpongeze binti kwa kutazama, ila mwambie atazame tena mwisho wa huo mrija. Si mrija. Ni uso wa fukusi uliorefuka kama pua ya tembo, na kwenye ncha kabisa kuna mataya mawili madogo ya kutafuna, yale yale ya panzi. Vipapasio vyake vimeota juu ya hiyo pua na vimepinda kama kiwiko. Jike anaitumia kuchimba shimo kwenye punje, anageuka, anataga yai, halafu anaziba kwa ute unaokauka. Mtoto anakula punje kutoka ndani bila wewe kuona kitu.

Kwa hiyo ukimwaga unga wa dawa kwenye gunia sasa, utawaua wanaotembea nje, na waliomo ndani ya punje watatoka wiki zijazo. Anika mahindi yakauke kabisa, pepeta, halafu yaweke kwenye mfuko usiopitisha hewa na uufunge vizuri. Ndani ya mfuko huo hewa inawaishia wote, wa nje na wa ndani ya punje.

Na binti akiwa bado na kile kioo, achukue punje moja yenye tundu aipasue katikati kwa kisu. Kama kuna mtoto wa fukusi humo atamkuta mweupe, mnene, hana miguu, kichwa cha kahawia. Amtazame mdomo, kisha aniandikie hapa ameona nini.

---

Mama wa Emuhaya:

Amepasua punje sita. Ya nne ndiyo ilikuwa naye. Anasema ana mataya, meusi kwenye ncha, na bado yalikuwa yanafunguka na kufunga.